Mafundi wapya, chomoeni uzi wa faiba, si kebo ya rauta

Kila ninapokagua kazi za vijana wapya nakuta jaribio lile lile la akiba ya 4G, yaani laini ya simu inayoshika kazi faiba ikikatika. Fundi anachomoa kebo inayotoka ONT (kiboksi kinachopokea uzi wa faiba) kwenda kwenye rauta, rauta inahamia 4G, mteja anafurahi, fomu inasainiwa. Wadogo zangu, hapo hamjajaribu chochote. Faiba haikatikii mezani kwa mteja.

1. Rauta ijue kama intaneti ipo, si kama kebo imechomekwa. Hili lina kidonda. Kuna ofisi ya wakala wa forodha hapa Dar tuliifungia akiba ya 4G. Asubuhi moja katapila la wajenzi wa barabara likakata faiba. Taa ya LOS, ya kuonyesha mwanga wa faiba haufiki, ikawa nyekundu, lakini ONT ilikuwa na umeme, na poti yake kwenye rauta ikabaki inawaka kijani. Ukaguzi wa getiwei (kifaa ambacho rauta hupitia kutoka nje) tulikuwa tumeuweka: rauta inapingi 192.168.1.1, yaani inaibishia hodi na kusubiri jibu, kila baada ya sekunde chache. Hiyo 192.168.1.1 ilikuwa ni ONT yenyewe, juu ya kabati lile lile, shubiri moja kutoka kwenye rauta! Ikajibu vizuri mchana kutwa. Rauta ikaamini njia ni nzima, ikaendelea kumwaga trafiki kwenye faiba iliyokufa, huku laini ya 4G ina bando tele na mnara unashika vizuri.

Tulipofika alasiri, dada wa nyaraka alikuwa anatuma hati za mizigo kwa hotspoti ya simu yake, kwa bando alilonunua kwa pesa yake, na kifaa chetu cha akiba kiko nyuma ya kiti chake. Hakutulaumu. Aliuliza tu kile kiboksi chenye antena mbili ni cha kazi gani. Swali lile linaniuma hadi leo.

Basi pingini anwani zilizo nje kabisa, mfano 8.8.8.8 na 1.1.1.1, na mhakikishe pingi hizo zinapita njia ya faiba pekee. La sivyo, rauta ikihamia 4G itazipata kupitia 4G, itadhani faiba imerudi, na itaruka huku na huku kutwa. Msiwape watumiaji anwani hizo hizo kama DNS (kitafuta anwani za tovuti), maana faiba ikikatika hawatazifikia. Rauta ihamie 4G anwani zote mbili zikikosa majibu mara kadhaa, na isirudi hadi faiba itulie dakika chache.

2. Laini ya 4G isiwe ya kampuni ile ile ya faiba. Na ulizeni mnara unalishwa na nini, maana mingine hulishwa na faiba inayopita barabara ile ile. Jumapili ya 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika upande wa Afrika Kusini, intaneti ilizorota Tanzania na Kenya, ya nyumbani na ya simu pamoja. Mwambieni mteja ukweli huo kabla hajalipa: 4G inamkinga na katapila, haimkingi na bahari.

3. Kwenye 4G zuieni kamera na masasisho ya Windows, au bando litaisha kabla ya saa sita mchana.

4. Laini nyingi za 4G ziko nyuma ya NAT ya kampuni, yaani wateja wengi hutoka nje kwa anwani moja. Mkiona rauta imepewa anwani kati ya 100.64 na 100.127, msihangaike kufungua poti ili mtu aingie kutoka nje. VPN (njia ya faragha ya kuunganisha ofisi na nje) ianzie ndani kwenda nje.

5. ONT, rauta na kifaa cha 4G viwe kwenye UPS (betri ya akiba ya umeme) moja. Tafadhali.

6. Siku ya kukabidhi, chomoeni uzi wenye kichwa cha kijani kwenye ONT, mkifunike kisiingie vumbi, wala msiguse ncha kwa kidole. ONT iachwe inawaka. Mteja afanye kazi zake za kawaida kwa nusu saa, na simu za mezani zinazopita kwenye intaneti zipigwe kweli, kwenda na kurudi. Simu hizo hung'ang'ania njia ya zamani hata rauta ikishahama, na dawa yake ni kuiamuru rauta ifute koneksheni za zamani kila inapobadilisha njia.