Fiksi hadi Malindi: chagua meno ya kurudi, si ya kwenda

SWALI

Salamu aleikum fundi. Nina baiskeli ya fiksi, meno 48 mbele na 16 nyuma, tairi 700 kwa 28, breki ya mbele peke yake. Naiendesha kila siku Kisauni mpaka Tudor na sijaona shida yoyote. Mwezi wa saba tuko watano tunataka kwenda Malindi, tulale, turudi kesho yake. Mwisho wa mwaka tujaribu Voi. Wenzangu wote wana baiskeli za gia, wananiambia fiksi itanivunja magoti njiani. Niiuze ninunue ya gia, au naweza kufungiwa gia kwenye fremu hii hii?
Msomaji, Kisauni

JIBU

Waaleikum salaam ndugu yangu. Usiiuze, na gia usifungiwe. Malindi fiksi inafika vizuri, ila si kwa meno 16. Voi ni habari nyingine, nitaifikia.

Kwa wasioijua: fiksi haina friwili, ile gia ya nyuma inayoliacha gurudumu lizunguke huku miguu imetulia. Sproketi, yaani gia ya meno ya nyuma, imekazwa moja kwa moja kwenye habu, kitovu cha gurudumu, kwa hiyo gurudumu likizunguka miguu nayo inazunguka, utake usitake. Hakuna kupumzisha miguu kwenye mteremko.

Wenzako wanafikiria vilima. Barabara ya Malindi haina vilima vya kumtoa mtu machozi. Ina miinuko mifupi na madaraja. Adui wa mwezi wa saba ni kusi, upepo wa kutoka kusini. Unapokwenda inakusukuma mgongoni, upande wa kulia, na unajiona bingwa. Kesho yake inakupiga usoni na bega la kushoto kwa kilomita 120, na ikifika mchana upepo wa bahari unaiongezea nguvu. Meno yako yachaguliwe kwa siku hiyo ya pili.

Tupige hesabu. Gurudumu la 700 kwa 28 likizunguka mara moja linakwenda takriban mita 2.14. Gawanya 48 kwa 16, unapata 3. Maana yake, mzunguko mmoja wa pedeli unakupeleka mita 6.4. Upepo ukikushusha mpaka kilomita 20 kwa saa, miguu yako itazunguka mara 52 tu kwa dakika. Hapo hukanyagi tena, unainua mzigo kwa goti, na kwenye fiksi hakuna gia nyepesi ya kukimbilia. Saa moja utavumilia. Saa tano, kesho yake utashuka ngazi kinyumenyume. Wenzako wako sahihi kuhusu magoti, lakini kosa si la fiksi, ni la hilo 16.

Weka 18 nyuma. Kila mzunguko unakuwa mita 5.7: kwa kilomita 30 kwa saa ukisukumwa na kusi unazungusha mara 88 kwa dakika, mwendo mzuri kabisa; kwa kilomita 20 unazungusha 58. Afadhali, lakini bado ni nzito kwa kurudi. Ndiyo maana ningekufungia vitu viwili: 18 ya fiksi upande mmoja wa habu, na friwili ya meno 20 upande wa pili. Kwa meno 20, kilomita 20 kwa saa ni mizunguko 65, na ukichoka unaacha kukanyaga. Asubuhi ya kurudi mnatoa gurudumu la nyuma, mnaligeuza, mnakaza nati, safari inaendelea. Waendeshaji wa Tour de France walikuwa wakifanya hivyo hivyo chini ya milima kabla dereila, kifaa cha kuhamisha cheni kutoka gia hadi gia, hazijaruhusiwa mwaka 1937, kwa hiyo usimwachie mtu akucheke.

Sasa angalia habu yako kabla ya kununua chochote. Toa gurudumu, tazama pande zote mbili. Upande wa fiksi una hesi, yaani mikato ya kuzungushia kama ya skrubu, za ngazi mbili: pana karibu na spoku, kisha nyembamba zaidi kwa nje. Ile ya nje ni ya ringi ya kufungia. Upande wa friwili una hesi ya ngazi moja tu. Ukikuta sproketi yako ya fiksi imefungwa kwenye hesi ya ngazi moja, eti imegandishwa kwa gundi au imebanwa na ringi ya krenki, usiende nayo hata Mtwapa. Unapozuia pedeli kwa miguu, nguvu inaizungusha sproketi upande wa kufunguka. Bila ringi ya hesi ya kushoto itafunguka siku moja, na siku hiyo utakuwa na kasi.

Kubadilisha sproketi kunataka spana ya 15, spana ya ndoano ya ringi, mjeledi wa cheni (mpini wenye kipande cha cheni cha kushikia sproketi) na grisi. Ringi ina hesi ya kushoto: kuifungua unazungusha kama mshale wa saa. Hapa ndipo mafundi wengi wanapoharibu kazi; wanachukua patasi na nyundo, wanagonga upande wa kawaida, yaani wanaikaza, mpaka vijino vyote vya ringi vinakatika. Sproketi yenyewe inafunguka kinyume cha saa. Safisha hesi kwa brashi na mafuta ya taa, kausha, paka grisi kidogo, ingiza sproketi mpya kwa mkono. Lazima iingie mizunguko mitatu bila kulazimishwa. Ikikwama mzunguko wa kwanza, hesi haziendani, rudisha dukani. Kaza kwa mjeledi, kisha ringi. Halafu endesha umesimama kwenye mwinuko wowote kama mita 200, rudi, na ukaze ringi tena. Mara nyingi utaikuta imepata nafasi, kwa sababu mlima umeisogeza sproketi ndani. Rudia baada ya kilomita 30 za kwanza. Friwili haina haja ya ringi, kukanyaga kwenyewe kunaikaza.

Kila jino unaloongeza nyuma linasogeza ekseli mbele karibu milimita 3. Kutoka 16 mpaka 18 ni milimita 6, na kutoka 18 mpaka 20 ni 6 nyingine. Kata cheni yako ukiwa na 18, ekseli ikae nyuma ya katikati ya mpasuo wa fremu, ili ukigeuza kuweka 20 ubaki na nafasi. Cheni lazima iwe mpya. Ile iliyovutika kwenye 16 itapanda juu ya meno mapya na kuyala kwa wiki chache. Kupima: rula ya inchi 12, anza katikati ya pini moja, pini ya 24 baada yake iangukie inchi 12 kamili. Ikizidi 1/16 ya inchi, badilisha. Ikizidi 1/8, sproketi nazo zimekwenda. Nunua cheni pana ya inchi 1/8, inakaa kwenye sproketi nyembamba na pana. Ile ya 3/32 haikai kwenye friwili pana.

Kukaza cheni ndiko kunakotofautisha fiksi na baiskeli nyingine. Kwenye baiskeli ya gia cheni ikitoka unachafuka mikono tu. Kwenye fiksi ikitoka kwa kasi inaweza kubana gurudumu la nyuma papo hapo. Iache icheze sentimita 1 hadi 1.5 juu na chini katikati. Zungusha krenki polepole na upime mahali inapokaza zaidi, maana gia ya mbele haiwi duara kamili hata ikiwa mpya. Ukipima mahali palipolegea, itakaza mno upande wa pili, utasikia inalia na beringi zitakufa mapema.

Breki. Ukiweka friwili, miguu haizuii tena, kwa hiyo breki ya nyuma ni lazima. Angalia kama fremu ina tundu la breki kwenye daraja la juu ya tairi la nyuma. Kama haina, achana na friwili. Funga 19 ya fiksi uende nayo na urudi nayo. Kwa 19, kilomita 20 kwa saa ni mizunguko 62, na kilomita 30 ni 92. Si haba. Na kama una ile tabia ya vijana ya kusimamisha baiskeli kwa kuburuza tairi, jua kwamba 48 kwa 16 inaburuza sehemu moja tu ya tairi kila mara, ndiyo maana zinatoboka upesi. 48 kwa 18 ni sehemu tatu. 48 kwa 19 ni sehemu 19. Lakini safarini tumia breki.

Kwenye mteremko wa fiksi usingoje miguu ipelekwe mbio ndipo uzuie. Shika breki ya mbele mapema, kidogokidogo, ubaki chini ya mizunguko 120 kwa dakika. Kwa 18 hiyo ni kama kilomita 41 kwa saa. Kwenye matuta nyanyuka kidogo juu ya kiti, magoti yalegee, pedeli ziendelee kuzunguka. Ukijaribu kuzisawazisha kama mwenye friwili, baiskeli itakurusha. Kwenye kona usilale sana: pedeli ya ndani haisimami juu, itagusa lami. Na kwa kuwa hupati nafasi ya kuteleza bila kukanyaga, makalio hayapumui. Simama na ukanyage kama nusu dakika kila robo saa, hata kama husikii haja.

Upepo wa tairi za 28, kwa mtu wa kilo 70 hivi na mzigo mdogo: psi 80 nyuma, 70 mbele. Mzigo ufunge chini ya kiti, usibebe begi mgongoni. Chukua tyubu mbili, viraka na solusheni, pampu, spana ya 15, kikata cheni, na kipande cha cheni cha akiba. Spana hiyo usiisahau. Gurudumu la fiksi halitoki kwa mkono, na kwenye pancha wenzako wa gia hawatakuwa na ya 15. Maji na chakula havikosekani njia hii, madafu yako kila kituo, na mahamri kwa mbaazi kabla ya kutoka alfajiri yanabeba mtu mpaka Kilifi.

Neno moja la Pwani. Ukirudi, usioshe baiskeli kwa maji ya kisima yenye chumvi. Unaongeza chumvi juu ya chumvi ya upepo, na spoku zinaanza kutu pale zinapoingia kwenye rimu, mahali usipopaona. Tumia maji matamu, hata ndoo moja na kitambaa. Cheni ikaushe, kisha tone moja la mafuta kwa kila pini, acha kidogo, futa kwa nje mpaka kitambaa kitoke kikavu. Oili chafu ya gari ni sumu: ina unga wa chuma na inakusanya mchanga.

Sasa kuhusu gia kwenye fremu yako. Fremu nyingi za fiksi nyuma zina nafasi ya milimita 120. Habu za gia za kawaida zinataka 130 au 135. Fremu ya chuma inaweza kuvutwa milimita chache, lakini si 10 wala 15, na ya aluminiamu isivutwe kabisa, inapasuka. Tena hakuna sikio la kushikia dereila, na mpasuo wa ekseli unafungukia nyuma. Kwa gharama ya kuchomelea vyote hivyo utapata baiskeli mbovu ya gia na utakuwa umepoteza fiksi nzuri.

Kwa Voi azima ya gia. Ni kilomita 150 na ushei, na unapanda kutoka usawa wa bahari mpaka karibu mita 580. Kwa jumla si mlima mkali, lakini unaanza na kupanda Mazeras katikati ya malori ya bandari, na hapo unataka kwenda kilomita 10 kwa saa umenyooka ukingoni, si kuyumba ukisukuma gia nzito. Hizi baiskeli za mitumba zenye gia tatu mbele, 28, 38 na 48, na friwili ya 14 hadi 28 nyuma, zinatosha: 28 kwa 28 inakupa kama mita 2.1 kwa mzunguko, unapanda umekaa.

Ila ikague. Simama nyuma yake: vigurudumu viwili vya dereila vikae mstari mmoja na sproketi. Baiskeli za mitumba huja zimelundikana, sikio linapinda, na gia nyepesi unayoitafuta Mazeras inaipeleka cheni ndani ya spoku. Linyooshwe kwanza, ndipo ukaze skrubu ya kikomo cha ndani mpaka cheni ifike sproketi kubwa bila kuivuka. Gia zikirukaruka, geuza kirekebishio cha waya robo mzunguko, jaribu, robo tena. Na habu za friwili ya kuzungusha zina ubaya mmoja: beringi ya kulia inakaa mbali na fremu, kwa hiyo ekseli inapinda au kukatika ukiibebesha. Zungusha gurudumu, tazama ncha ya ekseli. Ikicheza duara, badilisha kabla ya safari. Chukua spoku tatu za urefu wa upande wa kulia nyuma, ndizo zinazokatika.

Desemba kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini-mashariki, itakuwa inakupiga ubavu wa kulia, haina neno. Jua ndilo zito: kutoka Samburu mpaka Maungu vituo ni vichache, beba lita 3 za maji. Na kama ni mara yenu ya kwanza, pakieni baiskeli kwenye matatu mpaka Mariakani, muanzie hapo alfajiri.