Chaza wenye maziwa: ni ugonjwa au ni msimu?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Kikundi chetu cha akina mama tunafuga chaza wa miamba kwenye vichanja, pembeni ya mikoko ya Gazi, Kwale. Mwezi wa tatu walikuwa wanono. Masika ilipoanza tukawafungua tukakuta maji meupe kama maziwa, mteja akawakataa. Wiki chache baadaye nyama imekonda hadi mwanga unapenya. Je, wanaumwa? Na vichaza vya mbegu tuvitege lini?

JIBU: Marahaba, na salamu kwa kikundi chote. Kwa dalili mlizoeleza, sioni ugonjwa. Chaza wenu walijaa mayai na mbegu za kiume, kisha wakazimwaga.

Mnaweza kuhakikisha wenyewe. Safari ijayo mkikuta maziwa, toboeni kwa ncha ya kisu ile sehemu nyeupe iliyofunika tumbo, mdondoshe tone moja kwenye bilauri ya maji safi ya bahari, muinue kwenye mwanga. Tone likitawanyika punjepunje kama unga wa sembe, huyo ni jike na hayo ni mayai. Likitanda kama moshi bila punje, ni dume. Nyama hiyo haina sumu, ila ni laini mno na wateja wengi hawaipendi.

Kukonda nako kuna sababu yake. Chaza anaposhiba huweka akiba ya glaikojeni, aina ya wanga mwilini, ndiyo ule unono na utamu wa mwezi wa tatu. Akiba hiyo ndiyo inayogeuzwa mayai, na jike mmoja humwaga mamilioni. Akishamwaga hubaki maji na ngozi. Hapo msimhamishe, msimsugue wala msimwanike juani muda mrefu, mwacheni ale.

Sasa msimu. Kule Arcachon, Ufaransa, wanakofuga chaza pia, kinachotawala ni joto: baridi ya kipupwe husimamisha uzazi, maji yakipata joto chaza hukomaa, na humwaga kiangazi. Kalenda yao msiichukue. Maji yetu huwa kama nyuzi 25 wakati wa kusi, Julai na Agosti, na hukaribia 30 kaskazi inapoisha. Hayapoi kiasi cha kusimamisha uzazi, kwa hiyo chaza waliokomaa mnaweza kuwakuta karibu mwezi wowote, ingawa kuna vilele. Kwetu mvua ina sauti kubwa. Mito ya Mkurumudzi na Kidogoweni ikishuka, chumvi hupungua ghafla na rutuba huingia. Mabadiliko ya ghafla kama hayo yanaweza kumchochea chaza aliyekomaa amwage, na mmoja akianza, wenzake huhisi ndani ya maji na kufuata. Lazima wamwage pamoja, maana mayai hurutubishwa nje, majini.

Lakini mvua ikizidi, chaza hufunga gamba kwa siku kadhaa bila kula, na lava, yaani watoto wa chaza wanaoelea majini, hufa kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Ndiyo maana masika moja huleta vichaza tele na nyingine hakuna kitu.

Lava huelea wiki mbili hadi tatu kabla ya kushika kitu kigumu. Kwa hiyo tundikeni magamba au vigae wakati chaza wengi wana maziwa. Mkitundika mwezi mzima kabla, tope na vile vigamba vyeupe vikali vinavyoganda kwenye ngalawa vitawahi nafasi.

Jambo moja linanitia wasiwasi: kuvuna wakubwa wote. Chaza wengi huanza wakiwa madume, wakikua hugeuka majike. Mkiwamaliza wakubwa mmemaliza mayai. Waacheni baadhi kichanja kizima, msiwaguse.

Tena, mvua kubwa huleta uchafu wa vyoo, na chaza huuchuja na kubaki nao. Wakati huo simamisheni kuuza wa kuliwa wabichi.

Kalenda yenu mtaitengeneza wenyewe. Kila bamvua fungueni chaza kumi, mwandike kwenye daftari wangapi wanono, wangapi wana maziwa, wangapi wamekonda, na kama mvua ilinyesha wiki hiyo. Anzeni bamvua lijalo, hata kama sasa wote wamekonda: mtaona wenyewe wanachukua muda gani kunona tena.