Waya wa simu, kebo au faiba: jibu kwa ndugu anayehama kampuni Kisumu

Ndugu, umeuliza hivi: unataka kuachana na jamaa anayekuletea intaneti kwa antena hapo Migosi, kaka yako aliye Uingereza anakushauri uchukue ADSL (intaneti ya waya wa simu) badala ya kebo kwa sababu laini ya ADSL ni yako peke yako, na wakala aliyebisha hodi anakuuzia faiba, yaani waya wa kioo unaopitisha mwanga. Mama watoto anafanya kazi ya mtandaoni usiku, kwa hiyo intaneti ikikatika ni mshahara unaokatika. ADSL niliitumia nilipokuwa Nakuru, Section 58. Kebo naijua kwa dada yangu Nairobi. Sasa niko Mamboleo kwenye faiba. Nitakueleza nilichokiona.

Anachosema kaka yako ni kweli, ila ni kweli ya kwao. ADSL hupita kwenye waya wa shaba wa simu ya mezani, na kile kipande cha kutoka kwenye kituo cha simu hadi nyumbani hakigawanywi na jirani. Tatizo lake ni umbali. ADSL2+, toleo lake la kasi zaidi, kwa karatasi inafika 24 Mbps (megabiti kwa sekunde, kipimo cha kasi), lakini ukiwa kilomita tatu au nne kutoka kituoni unabaki na sehemu ndogo tu ya hiyo, na kupandisha data kunaishia kwenye 1 Mbps hivi. Mtu anayepiga simu za video na kutuma mafaili makubwa hawezi kufanya kazi na hiyo. Tena hapa kwetu nyaya za shaba ziliibwa na kukatwa miaka nenda miaka rudi, na mitaa mingi imebaki na nguzo za simu zisizo na kitu. Hata Uingereza kwenyewe wamepanga kuizima simu ya zamani ya shaba ifikapo Januari 2027. Usipoteze muda kuitafuta Migosi.

Kebo ni ule waya mnene wa runinga. Kasi yake ni kubwa kuliko ADSL na umbali hauisumbui hivyo, lakini mtaa mzima unachangia waya mmoja, kama mfereji wa ploti: saa kumi alfajiri maji yanaruka, saa mbili usiku yanadondoka. Kwa dada yangu filamu ilikuwa inasimama kila jioni watu wakishafika nyumbani, na mchana huwezi kuamini ni intaneti ileile.

Lakini kuna jambo moja ambalo watu hawalisemi, na kwa Kisumu ndilo ningelitanguliza: stima. Kebo ya runinga inahitaji vikuza mawimbi huko mtaani, na vikuza hivyo vinakula umeme. Stima ya mtaa ikipotea na betri zao zikiisha, intaneti imekwenda, hata kama wewe una sola na taa zinawaka. Faiba ya nyumbani haiko hivyo. Kile kisanduku cheusi kwenye nguzo kinachogawa mwanga kwa nyumba 32 au 64 hakitumii umeme hata kidogo, ni vioo tu. Mradi kituo cha kampuni kina jenereta na wewe una UPS (betri ya akiba) ndogo ya volti 12 ya kuendesha kifaa cha faiba na ruta, unaendelea kufanya kazi gizani. Nimeshuhudia Mamboleo nzima imezimika na mkutano wa video unaendelea bila shida. Kwa mtu wa kazi za usiku, hilo peke yake linatosha kuamua.

Halafu radi. Unaijua mvua ya jioni inayotoka ziwani. Waya wa shaba huileta radi mpaka ndani ya modemu. Nakuru jirani zangu waliunguza modemu kwa njia hiyo. Kioo cha faiba hakipitishi umeme. Bado chomoa adapta ukutani ngurumo zikianza, maana radi inaweza kuingia kupitia waya wa stima.

Je, faiba nayo haigawanywi? Inagawanywa, wala wakala asikudanganye. Mfumo unaotumika sana majumbani una takriban 2.5 Gbps za kushusha kwa nyumba zote za kisanduku kimoja. Ni nyingi mno kwa vifurushi vya kawaida, kwa hiyo jioni ikiwa nzito, mara nyingi msongamano uko mbele huko, kwenye njia ya kampuni ya kutoka mjini. Ndiyo maana kampuni mbili za faiba kwenye nguzo moja zinaweza kutofautiana kabisa. Usiulize Facebook. Bisha kwa jirani anayetumia kampuni hiyohiyo saa mbili usiku, mwombe apime kasi mkiwa wote mmesimama karibu na ruta.

Siku ya kufungiwa, simama na fundi. Ana kipimo kidogo cha mkononi. Anachomeka ncha ya kijani ya waya na kinaonyesha nguvu ya mwanga kwa namba yenye alama ya kutoa. Kwangu ilisoma -27, na taa nyekundu ya LOS, ile ya kuonya kwamba mwanga haufiki, ilikuwa inawaka na kuzima. Fundi akafuata waya mpaka nyuma ya kochi, akakuta umekunjwa kwenye kona ya ukuta. Akaunyoosha, akauzungusha kwa duara pana, kikasoma -20, taa ikatulia. Kioo kikikunjwa sana mwanga unavuja. Kwa hiyo dai kuiona hiyo namba kabla hujatia sahihi: -15 hadi -24 ni salama, ukikaribia -27 mwambie arekebishe siku hiyohiyo. Na usiwaache watoto kuchungulia ncha ya waya. Mwanga wake hauonekani lakini unaumiza jicho.

5G ya ruta (intaneti ya mnara wa simu) ni nzuri kama huwezi kupata faiba, lakini inategemea mnara na idadi ya watu wanaoutumia. Starlink, intaneti ya setilaiti iliyoingia Kenya 2023, ningeipendekeza kwa mtu wa Seme au Nyakach ambako hakuna nguzo yenye faiba. Migosi sioni sababu.

Kabla ya kulipa, muulize mwenye ploti ni kampuni gani ameziruhusu. Ploti nyingi zina moja tu, na hapo mjadala wote unaisha. Muulize wakala kama kasi inapunguzwa ukishatumia kiasi fulani cha data, na kama kupandisha ni sawa na kushusha. Mbps si MB, maana Mbps nane ndizo MB moja kwa sekunde: 10 Mbps hushusha faili la GB 1 kwa kama dakika 13. Na usimkate jamaa wa antena bado. Lipia zote mbili mwezi mmoja, mama watoto afanye kazi kwenye faiba, antena ikae akiba mpaka ipite mvua kubwa moja na stima kupotea mara moja.

Ukishafungiwa, tuandikie hapa fundi alisoma namba gani na jioni unapata kasi gani. Kuna wengine wa Migosi na Kibos wanaongojea jibu hilohilo.