Niliuza Kamera Iliyonilea Nikanunua ya Milioni 6

Juzi kijana mmoja wa Morogoro ameniandikia. Ana kamera ya zamani, ile yenye kioo ndani, anapata kazi za send-off na vipaimara. Sasa anataka kuuza bodaboda yake anunue hizi mpya zisizo na kioo. "Kaka, nikiipata hiyo si nitakuwa nimetoka?" Namjibu hapa, maana najua mko wengi.

Mimi nilifanya hivyohivyo. Niliuza kamera iliyonilea miaka 7 pamoja na lenzi yake, nikavunja kibubu, nikaomba zamu yangu ya mchezo wa kupeana pesa iletwe mapema, nikaenda Kariakoo na milioni 6 na laki 2. Nilirudi Mbagala nimelipakata boksi, sikutaka hata kondakta aliguse.

Wiki ya pili nikaingia nayo ukumbini Sinza. Harusi kubwa, taa za LED za zambarau na bluu kila kona. Nikawasha shata ya kimya, yaani kamera ipige bila mlio, nisisumbue watu. Wakati wa keki nikapiga picha kama 40, roho kwatu. Saa 9 usiku nikazifungua kwenye kompyuta. Mistari myeusi imelala juu ya shela la bibi harusi, mmoja umempita usoni, chini kidogo ya macho. Nikafungua ya pili, ya tatu, ya kumi. Zote.

Kumbe shata ya kimya husoma picha mstari kwa mstari kutoka juu kwenda chini, na taa za LED huwaka na kuzima kwa kasi ambayo jicho halioni. Mstari uliosomwa taa ikiwa imezima unatoka mweusi. Muuzaji hakunieleza, nami sikuuliza, nilikuwa nimeshalewa sifa za kwenye boksi.

Halafu lenzi iliyokuja nayo. Ukivuta karibu inaishia f/5.6 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu la lenzi ni pana zaidi), wakati ile niliyoiuza ilikuwa f/1.8, inayoingiza mwanga karibu mara 10 zaidi. Ikabidi nipandishe ISO, yaani usikivu wa kamera kwa mwanga, hadi 12800, suti nyeusi zikajaa chenga, na kile kiboksi cha kwenye skrini cha kufuata macho ya mtu ili asitoke na ukungu kikawa kinamwacha bwana harusi kinamkimbilia matroni. Betri zote 2 zikakata kabla ya zawadi, maana kwenye kamera hizi skrini na kihisi kinachonasa picha havipumziki ukiwa umeiwasha. Ya zamani, betri moja ilinifikisha asubuhi.

Mama wa bibi harusi hakunigombeza. Alitazama picha za keki, akafunga albamu taratibu, akasema, "Mwanangu, si ungekuja tu na ile ya zamani." Laki 4 iliyobaki sikuidai. Maneno yale bado yananichoma.

Ndugu zangu, tuache kununua sifa. Mteja wako haulizi kamera ina megapikseli ngapi, anauliza picha ya mwanawe iko wapi. Usipeleke kwenye harusi ya mtu kifaa ambacho hujakizoea. Kodisha kwanza kwa siku moja, ingia nacho ukumbi wenye giza, piga, kuza picha, tazama. Chini ya LED tumia shata ya kawaida, ile inayolia. Kwenye taa za kawaida, umeme wetu ni wa 50 Hz, kwa hiyo kasi ya shata ya 1/50 au 1/100 ya sekunde mara nyingi huondoa mistari. Na pesa ianze kwenye lenzi. Narudia, lenzi kwanza! Mimi nimekuja kununua f/1.8 iliyotumika kwa laki 6 na betri 2 za ziada, na ni kamera ileile mpya ninayofanyia kazi sasa, picha zinatoka safi.

Kwa hiyo mdogo wangu wa Morogoro, bodaboda usiiuze, ndiyo inayokulisha siku ambazo hakuna sherehe. Nitumie picha 5 ulizopiga usiku ukumbini, bila kuzihariri, na uniambie una lenzi gani. Tuanzie hapo.