Usilaumu flasha: kinachoua LED ya wati moja

Wenye bajaji huniuliza sana: "Fundi, taa hii ikimeta mchana kutwa si itakufa upesi?" Wanailaumu flasha, kifaa kinachokata na kuunga umeme ili taa imete. Hofu hiyo imetoka kwenye balbu za zamani, ambazo waya wake hukatika mara nyingi palepale unapobonyeza swichi. LED, taa inayotoa mwanga kwa chipu ndogo, haina waya wa kuungua namna hiyo. Nilizozifungua zikiwa zimekufa, karibu zote ziliuawa na joto au mkondo uliozidi.

Taa yangu ya kwanza, LED nyeupe tatu za wati moja zilizofuatana, haikumaliza msimu wa mvua. Nilikuwa nimepiga hesabu kwa volti 12: LED zote tatu zinakula kama 9.6, nikaweka rezista (kipande cha kupunguza mkondo) ya omu 6.8 nipate miliampea 350. Kumbe injini ikinguruma, chaji hupita volti 14. Nilipokuja kupima, mkondo ulizidi miliampea 600. Flasha niliilaumu bure.

Lakini kumeta nako kuna athari zake. Ndani ya LED kuna chipu iliyoshikwa na lehemu na waya mwembamba kuliko unywele. Vikipata moto hutanuka, kila kimoja kwa kiasi chake, vikipoa husinyaa. Taa ikimeta mara moja au mbili kwa sekunde, bati la alumini chini yake haliwahi kupoa wala kuchemka, na kwa kuwa nusu ya muda taa imezima, joto lote hupungua. Kinachochosha zaidi ni kuwasha dakika kadhaa hadi bati lichemke, kisha kuacha lipoe kabisa, siku nenda siku rudi. Ukiona LED inazima yenyewe ikipata moto na kuwaka ikipoa, huenda kiungo kimoja ndani kimeshaachia.

Pima mkondo injini ikiwa inawaka. Weka drayva, yaani saketi inayoshikilia mkondo usipande wala kushuka, badala ya rezista. Na hili nakuomba ulizingatie: flasha isikate kati ya drayva na LED. Ikikata hapo, kapasita ya drayva, kipande kinachohifadhi chaji, hujaa volti, na ikiunga tena LED hupigwa mkondo mkubwa, kila mmeto. Nilipoteza taa mbili kwa siku moja hivyo. Tumia mguu wa drayva wa kupunguza mwanga, au kata umeme unaoingia kwenye drayva, mradi iwe inaamka haraka.

Taa ninayoitumia sasa nimeifunga kwenye alumini nene. Jioni nikiigusa, kidole kinakaa.