Kaka amekubali kufanyiwa tathmini: aache pombe kwanza?

SWALI: Kaka yangu hunywa kila siku, na bangi pia huvuta. Tumevutana naye mpaka amekubali kwenda kwa mtaalamu wa uraibu wiki ijayo. Sasa anataka kuacha pombe siku tatu kabla ili aonekane msafi. Ni sawa? Na ataulizwa nini?

JIBU: Dada, mzuie asiache ghafla. Mwili uliozoea pombe kila siku ukiikosa huingia arosto: mikono kutetemeka, jasho, kukosa usingizi, mara nyingi ndani ya saa 6 hadi 24 tangu glasi ya mwisho. Degedege huweza kufuata ndani ya saa 48, na kuweweseka kukali kati ya saa 48 na 96, yaani kuweza kuanza ndani ya siku hizo tatu alizopanga. Hali hii huua. Dalili za namna hiyo zikimtokea, mkimbize hospitali, msingoje miadi. Kama zilishawahi kumpata, mtaalamu alijue hilo kabla ya lolote, kisha ndiye ampangie namna ya kuacha. Ila asifike amelewa. Mahojiano hayatafaa kitu.

Huenda mtaalamu akaanza na dodoso la AUDIT la Shirika la Afya Duniani: maswali 10, alama 0 hadi 40. Kuanzia 8, unywaji una hatari. 20 na zaidi, huenda ameshakuwa tegemezi. Hilo ni chujio tu. Uzito uko kwenye mazungumzo kuhusu miezi 12 iliyopita: anakunywa kuliko alivyokusudia? Amejaribu kupunguza akashindwa? Kazi imeyumba? Katika vigezo 11 vinavyotumika sana, 2 au 3 ni tatizo dogo, 4 au 5 la kati, 6 na kuendelea ni kubwa. Bangi hupimwa kivyake.

Panapoharibika zaidi ni kwenye kiasi. “Bia mbili tatu” haimsaidii mtaalamu. Zidisha mililita kwa asilimia ya kilevi, gawa kwa 100, kisha zidisha kwa 0.8. Bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina gramu 20 hivi za kilevi. Chupa ya mililita 750 ya pombe kali ya asilimia 40 ina gramu 240. Aandike alichokunywa siku saba zilizopita, siku kwa siku, na abebe dawa zote anazotumia, hasa za usingizi, kwani zikichanganyika na pombe huweza kuzima pumzi.

Kipimo cha mkojo kisimtishe. Kwa mvutaji wa kila siku, bangi huweza kuonekana wiki kadhaa baada ya kuacha, kwa hiyo jibu lake halisemi tatizo ni kubwa kiasi gani.

Msindikize, eleza uliyoyaona, kisha toka. Yapo maswali, kama la kutaka kujiua, ambayo hatayajibu ukiwa umekaa pale. Kabla hamjaondoka ulizeni: tatizo liko ngazi gani, ataachishwa nyumbani au wodini, na arudi lini.