Mwanangu, kazi uliyoifanya haimo kwenye CV yako

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata pamoja na CV. Umeniuliza: "Mama, nimeomba kazi 40, nimejibiwa mbili tu, na zote ni kuambiwa nafasi imejaa. Nina kasoro gani?" Nimeisoma CV hiyo mara tatu. Kasoro huna. CV ndiyo haikusemei.

Unakumbuka miaka ile nilipokuwa kwenye kamati ya ajira kazini, nilivyokuwa nikirudi nyumbani macho mekundu? Nafasi moja, bahasha 200 mezani. Ukifika ya hamsini husomi tena, unapitisha jicho: juu ya ukurasa wa kwanza, kazi ya mwisho, alikaa muda gani, basi. Sasa wewe ukurasa wako wa kwanza umebeba tarehe ya kuzaliwa, dini, hali ya ndoa, shule ya msingi, halafu "kijana mchapakazi, mwaminifu, mwenye kujituma". Maneno hayo nilikuwa nikiyakuta kwenye karibu kila bahasha. Kazi yako ya ghalani nimeikuta ukurasa wa tatu, mstari mmoja: "Nilihusika na shughuli mbalimbali za stoo."

Niliposoma mstari huo niliumia. Si wewe uliyenipigia simu usiku ule, huwezi hata kulala kwa furaha? Ulinieleza hesabu ya mwisho wa mwezi ilivyokuwa ikiwatoa jasho siku tatu nzima, daftari likisema hivi na rafu zikisema vile, mpaka ukaamua kila rafu iwe na kadi yake na mhesabu kidogo kidogo kila Ijumaa. Mwezi wa pili mkamaliza kwa siku moja. Habari hiyo umeipeleka wapi? Andika: "Nilianzisha kadi ya stoo kwa kila rafu na hesabu ya kila wiki, hesabu ya mwisho wa mwezi ikapungua kutoka siku 3 hadi siku 1." Hapo msomaji anakuona ukiwa kazini. Na kwa kila kazi uliyopitia jiulize hivyo hivyo: nilikuta nini, nikaacha nini? Penye namba iweke, ila iwe namba utakayoweza kuieleza ukibanwa kwenye usaili. Usiongeze chumvi hata chembe, maana nimeona watu wazuri wakikosa kazi kwa namba moja waliyoshindwa kuitetea.

Kazi ya karibuni itangulie, nyingine zifuate kurudi nyuma. Dini, ndoa na shule ya msingi viondoe, isipokuwa tangazo limeviuliza. Kurasa mbili zinakutosha.

Halafu umetuma CV ileile kote 40. Tangazo ulilonionyesha linataka mtu wa "udhibiti wa bidhaa", wewe umeandika "kuangalia mali". Kazi ni ileile, lakini waajiri wengi wakubwa siku hizi hupokea maombi kupitia programu ya kompyuta, na anayechambua anaweza kutafuta kwa maneno ya tangazo lake. Tumia maneno yao pale yanapokuwa kweli kwako. Programu hizo pia huweza kuvuruga majedwali na safu mbilimbili kama hizo ulizopanga. Nakili maandishi yote ya CV uyabandike kwenye ukurasa mtupu, uone. Mimi nimefanya hivyo, namba yako ya simu ikaangukia katikati ya orodha ya masomo. Aliyetaka kukupigia angeitafutia wapi?

Limebaki moja, na hili limenigusa. Ile miezi minane uliyoacha kazi ukaniuguza nilipovunjika nyonga, umeificha kwa kuandika miaka bila miezi. Mtu aliyezoea kupitia maombi huliona pengo hilo haraka, na asipopata maelezo anajijazia yake. Andika mstari mmoja tu: "Nilimuuguza mzazi, sasa niko tayari kwa kazi ya muda wote." Mimi ndiye mzazi huyo, na nimekuruhusu.

Anza na ule mstari wa stoo leo hii, mengine yatafuata. Ukimaliza nitumie kabla hujaomba popote, niisome nikiwa na kalamu mkononi.

Mama yako